Ametangulia Mbale

Jumatano, 8 Februari 1978

Makaa yamelowa tena. Nimepuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, na chai imetoka na harufu ya moshi. Mume wangu Wandera ameinywa hivyo hivyo. Mimi pia.

Kabla ya shule nimepitia kanisa la Wakatoliki hapa Busia kupakwa majivu. Mimi ni Mteso wa Amukura, nimelelewa na masista. Niliolewa nikawa Mwanglikana, lakini majivu yamenishinda kuyaacha. Padre ameniambia mimi ni vumbi. Nimeitikia amina. Habari hiyo ninayo tangu mwaka jana mwezi wa sita, tulipomzika Nafula wetu kule Funyula. Surua. Alikuwa darasa la kwanza.

Wandera ameona paji langu akasema majivu hayaokoi mtu. Nikamwambia sikwenda kuokoka, nilikwenda kukumbushwa. Akasema aliyezika mtoto hana haja ya kukumbushwa. Ni kweli, na ndiyo maana imeniudhi.

Darasa la tatu wamecheka doa langu siku nzima. Nimewapa hesabu za kugawanya.

Jumapili, 12 Februari

"Natangulia." Kila Jumapili neno ni hilo. Mume wangu ana miguu mirefu na hawezi kungoja mwanamke afunge kitambaa. Yeye hutangulia kanisani, mimi hufuata. Nikifika nakuta kofia yake upande wa wanawake, mwisho wa benchi la tatu, inanishikia nafasi. Akina mama hutania kwamba kofia ya mwinjilisti imeokoka kuliko mwenyewe, ndiyo maana inasali na sisi. Zamani nilicheka nao.

Leo alihubiri yeye. Siku za mwanadamu ni chache, kwa hiyo zote ni za kazi ya Bwana. Watu walilia. Mimi niliangalia kofia.

Ni mahubiri yale yale ya kaburini. Siku ile aliongoza maombi mwenyewe, macho makavu, akasema Nafula ametutangulia. Sijamsamehe neno hilo. Mtoto wa miaka saba hatangulii wazazi wake. Huko ni kuruka foleni. Tangu siku ile hakuna matanga pande za Samia wala Marachi ambayo hajahudhuria, na hakuna jioni ambayo amekaa na mimi tukamtaja mtoto.

Bado wananiita Mama Nafula. Sijui niwakataze au niwashukuru.

Alhamisi, 16 Februari

Amesema leo. Anakwenda ng'ambo ya mpaka, Tororo, kuwatembelea ndugu waliookoka. Wamekatazwa kukusanyika, wanasalia majumbani kwa sauti ya chini. Hawana mhubiri. Serikali ya huko kila mtu anaijua. Watu wanachukuliwa mchana na kiatu kimoja kinabaki barabarani.

Nimesema asiende. Amesema siku ni chache, Theresia. Nikasema ndiyo, ni chache, na mbona zote unawapa watu wengine? Nikaendelea. Nilisema mengi, mengine sikuyaamini hata wakati nayasema.

Tunagombana kwa Kiswahili, maana yeye Kiteso hajui na Kisamia changu ni cha sokoni. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba hii, ya kugombania na ya kuombea chakula. Ya kulilia kila mtu ana yake.

Jumanne, 21 Februari

Hatusemezani. Chumvi anaiomba kwa mkono.

Jumatatu, 27 Februari

Ameondoka. Nilikuwa nachambua maharage, mgongo mlangoni. Nilisikia amevaa viatu, amechukua mfuko, amesimama. Alisema atarudi kabla ya Pasaka. Kisha akasema, "Natangulia, Mama Nafula."

Kila mara jibu langu ni moja: tangulia, nakuja. Hata akienda kuteka maji najibu hivyo. Ni utani wetu tangu tuoane.

Leo sikujibu. Aliendelea kusimama. Nilitoa mawe kwenye maharage yaliyokwisha kutolewa mawe. Akaenda.

Atalala Malaba, mpakani, kwenye loji ya Mzee Hamisi. Ni Mnubi, Mwislamu, rafiki yake wa miaka mingi. Wanabishana dini mpaka chai inapoa na hawajawahi kukosana. Habari zote za ng'ambo hupitia kwa Hamisi, naye huzituma kwa madereva wa malori.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua imeanza. Nimepanda maharage peke yangu. Hakuna habari. Wanawake wanaovuka kuja kuuza ndizi wanasema Tororo kuna nyumba ya maombi iliyovamiwa. Mmoja anasema walichukuliwa wengi, mwingine anasema wawili, wa tatu anasema alisikia tu.

Bado nina hasira naye. Hofu ninayo pia. Sikujua vinaweza kulala kitanda kimoja.

Jumanne, 21 Machi

Naandika kwa sababu mikono inataka kazi.

Saa za somo la kuimba lori lilisimama nje ya shule. Akashuka utingo, mtu mzima, mgeni wa njia hii, nadhani Mkamba. Akavua kofia. Akasema, "Wewe ndio Madam Theresia? Ile mzee ya loji Malaba imesema nikuambie, mzee ametangulia mbele. Amesema musimungoje."

Nikasema asante. Asante! Kama mtu aliyeletewa chaki.

Akapanda lori akaenda.

Jumatano, 22 Machi

Nyumba imejaa. Mama mkwe amefika kutoka Funyula akilia tangu barabarani. Kanga yangu imepasuliwa, sijui na nani. Akina Mama wa kanisa wamekuja na sukari. Kasisi ameomba akasema mtumishi ametutangulia. Neno limerudi kunitafuta.

Ouma, mdogo wake Wandera, ametumwa Malaba kuulizia mwili. Wazee wamekaa nje. Nimesikia mmoja akiuliza ni nani ataangalia boma la marehemu, na macho yakamfuata Ouma barabarani. Chai ya kwanza ya matanga haijapoa.

Nimelia kwa Kiteso. Hakuna aliyenielewa na ilikuwa afadhali.

Ijumaa Kuu, 24 Machi

Wamenishika mikono mpaka kanisani. Benchi la tatu. Mwisho wa benchi palikuwa patupu. Nilikaa katikati.

Watu wote walikuwa msalabani na Bwana. Mimi nilikuwa kwenye maharage. Alisimama mlangoni, alinipa nafasi, nami nikampa mgongo. Neno lenyewe ni fupi. Tangulia, nakuja. Lingenigharimu nini?

Nimemwambia Mungu sitaki muujiza mkubwa. Asimfufue kama hataki. Arudishe tu ile dakika ya mlangoni. Na kama ataweza zaidi ya hapo, nimeahidi sitamnyamazia tena mume wangu maisha yangu yote. Sitamnunia. Nimeapa, na mimi si mtu wa kuapa.

Mungu naye alinipa mgongo, au ndivyo nilivyoona.

Jumamosi, 25 Machi

Mzima. Yuko mzima.

Ouma amerudi mchana na Mzee Hamisi mwenyewe, kanzu imejaa matope. Ouma alikuwa anacheka na kulia pamoja. Hamisi ndiye aliyesema. Wandera alimaliza Tororo salama. Ndugu wakamwomba aende mbele zaidi, Mbale, sikukuu ikamkute huko. Akatuma salamu. Hamisi akamwambia dereva: mwambieni mwalimu, mzee ametangulia Mbale, msimngoje kwa Pasaka. Dereva akamwambia utingo. Utingo, mtu wa Machakos, Mbale haijui. Mbele anaijua.

Na ile kofia? Alivua kwa sababu ni shuleni. Kwao walimu huvuliwa kofia.

Kila siku nawafundisha watoto: usipoelewa, uliza. Sikuuliza ametangulia wapi. Hakuna aliyeuliza, kuanzia mimi mpaka kasisi. Neno lilitutosha sote kwa sababu tulikuwa tunalingoja.

Mzee Hamisi alikataa kiti. Alisimama mbele yangu kama mwanafunzi. Alisema, "Mwalimu, nisamehe. Habari ya Wandera sitamtuma mtu tena. Ikiwa ni nzuri nitaandika. Ikiwa ni ile nyingine, nitakuja mwenyewe na miguu yangu."

Waombolezaji hawakujua waende au wabaki. Wakala chakula kwanza.

Jumapili ya Pasaka, 26 Machi

Kasisi amesema Busia tumepata Pasaka mbili. Kanisa limecheka mpaka benchi zikalia. Nimecheka pia, mkono mdomoni. Nyumbani nimetapika.

Jumanne, 4 Aprili

Amerudi. Amekonda. Njiani vijana wamemwita Mzee wa Mbale, kwa hiyo alifika akiwa amekwisha kujua, na alikuwa anacheka.

Mama mkwe alimzuia mlangoni. Mtu aliyeliliwa haingii hivi hivi, amesema. Achinjiwe kuku nje kwanza, ndipo aingie, la sivyo kilio kitamfuata ndani. Wandera akasema yeye ameokoka, mambo ya kuku yalikwisha msalabani. Mama akakaa chini kizingitini. Mwana huyu hawezi kumruka mama yake, ameokoka au hajaokoka.

Basi akakaa nje juu ya jiwe la kufulia. Nikampelekea maji. Akaniuliza kwa utani, nani alilia zaidi? Nikamwambia kweli tupu. Mama yako alijigaragaza barabarani. Ouma alipiga ukuta kwa kichwa. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka, na sikuwa nalia kifo chako tu, nilikuwa nalia mlango.

Alielewa mlango gani. Kisha akasema jina. Nafula. Akalisema tena. Alilia akiwa ameshika kikombe, mbele ya mama yake na kuku, kwa Kisamia, na safari hii nilielewa kila neno. Alisema alikuwa anaogopa kukaa. Akikaa nyumbani angemsikia hatembei.

Kumbe hakuwa anakimbilia kazi ya Bwana peke yake. Alikuwa anakimbia ukimya wa chumba cha mtoto.

Kuku amechinjwa. Wandera amesema ni kwa ajili ya mama tu. Kasisi asiambiwe.

Alhamisi, 13 Aprili

Shule imefungwa. Tumepanda mahindi pamoja, yeye shimo, mimi mbegu. Tumekwenda Funyula, tumeng'oa majani kaburini. Tulikaa pale tukamtaja mtoto kwa mara ya kwanza bila Biblia kati yetu. Alivyokuwa akimwita jogoo mwalimu. Alivyokuwa akificha viatu vya baba yake asisafiri.

Naamka kabla yake namsikiliza anapumua. Nina furaha na inaniogopesha. Nashika kila kitu kama sahani ya mtu.

Jumamosi, 22 Aprili

Leo nimemnunia.

Ameingia na viatu vya matope kwenye sakafu niliyopiga samadi asubuhi. Basi. Mtu niliyemlilia, niliyemwombea kwa kiapo siku ya Ijumaa Kuu, ameniudhi kwa viatu. Nimemnyima jibu tangu chakula cha mchana mpaka magharibi.

Nilidhani mtu akishajua maisha ni mafupi anageuka malaika. Mimi ni yule yule. Nimejua, nimesahau, mwezi haujaisha. Labda ndiyo maana kuna majivu kila mwaka.

Nimemwomba msamaha. Ameniambia hata yeye amenichoka tangu Jumanne, ila aliona haya kusema. Tumecheka. Matope nimeyatoa mimi.

Jumatatu, 1 Mei

Salamu kutoka Tororo. Ndugu wanamwomba arudi. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyokuwa anapanga kuni ambazo zimekwisha kupangwa.

Safari hii hakuhubiri. Alisema, wewe useme. Ukisema nisiende, siendi.

Hiyo ndiyo adhabu mbaya kuliko zote, kupewa nilichotaka.

Jumamosi, 6 Mei

Nimefikiri siku hizi zote. Nikimfunga hapa nitakuwa na mume nyumbani na macho yake ng'ambo. Kuna watu huko wanasali wakiwa wameziba madirisha kwa blanketi. Alinieleza kuhusu bibi mmoja kipofu anayeshika mkono wake na kuuliza kama ulimwengu bado unajua kwamba wao wapo.

Sitaki aende. Naiandika wazi: sitaki. Nimemwambia hivyo pia. Halafu nimemwambia aende, ila asiende kukimbia. Aende kama mtu mwenye kwao.

Jumatatu, 8 Mei

Ameondoka asubuhi. Nilimpigia pasi shati. Tulisimama mlangoni sote wawili. Alisema, "Natangulia, Mama Nafula."

Nilisema, "Tangulia. Nakuja."

Akageuka tena kwenye mkunazi akapunga kofia. Nikabaki nimesimama mpaka kofia ikapotea kati ya malori.

Jumamosi, 27 Mei

Barua imefika kupitia kwa Hamisi. Wandera ni mzima, bibi kipofu anasalimu, sabuni hakuna, chumvi hakuna, dawa hakuna, watu wanaimba kwa kunong'ona. Atarudi kabla ya mwezi wa Nafula kwisha. Mahindi yamefika magotini.

Alhamisi, 15 Juni

Nilikuwa ubaoni. Watoto wa dirishani waligeuza vichwa, nami nikageuka.

Mzee Hamisi alikuwa getini. Kanzu safi. Peke yake. Hakuingia wala hakuita. Alisimama kwenye jua mpaka nimwone.

Nilimaliza sentensi niliyokuwa naiandika. Nikawaambia watoto wainakili kwa mwandiko mzuri. Nikavuka uwanja. Ni uwanja mdogo, sijui kwa nini ulikuwa mrefu.

Alisema, "Amefariki, mwalimu. Situmii neno lingine." Homa. Ilimshika Tororo Jumamosi. Hospitali hakuna dawa. Ndugu walimtafutia gari la kumvusha, askari wakalizuia. Jumatatu alifariki na wamemzika huko huko, kwenye shamba la yule bibi, haraka, kwa kunong'ona. Mwili hautavuka.

Nikauliza kila kitu safari hii. Nani alikuwa naye. Alilalia upande gani. Alisema nini. Hamisi alijibu yote aliyoyajua, na asilolijua alisema hajui.

Kisha akatoa kofia ndani ya mfuko wa karatasi.

Jumapili, 18 Juni

Matanga madogo. Watu wa mwezi wa tatu hawakurudi wote. Walikwisha kulia, na mvua ni nyingi, na magugu shambani hayangoji. Siwalaumu. Machozi nayo yana akiba yake.

Ouma alikwenda Funyula kumwambia mama. Anasema alimkuta anapepeta mtama. Alimwambia. Mama hakuacha kupepeta. Aliuliza, "Mbale au mbele?"

Ouma akamshikia ungo.

Jumatano, 21 Juni

Sina amani ya waliookoka wanayoimba. Nina hasira na Mungu na ninaongea naye kwa hasira, lakini ninaongea. Kumnyamazia nimekataa. Kiapo nilikila kwa ajili ya mume, ila nadhani kinamhusu na Yeye.

Mlangoni napita bila kugeuza uso. Pale hakuna deni. Mahali pengine pote pananiuma.

Jumapili, 25 Juni

Nilichelewa kanisani. Kitambaa kilikataa kufungika.

Kanisa lilikuwa limejaa. Benchi la tatu akina mama walikuwa wamebanana, na mwisho wake pameachwa wazi, upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyenitazama. Mama wa karibu alivuta kanga yake kidogo.

Nikakaa. Kofia nikaiweka magotini. Hakuna aliyetania.

Mvua ilianza wakati wa matangazo ya ndoa, na kasisi ikabidi apaze sauti.